Uzio wa Pande Mbili

Shule ya msingi iliyo jirani na nyumba ninayopanga, pembezoni mwa Dar es Salaam, ina uzio wa tofali upande wa barabarani na upande wa soko. Pande mbili zilizobaki ziko wazi, na bodaboda hukatiza uwanjani kama kawaida huku mwalimu wa zamu akiwapigia filimbi ambayo wameshaizoea. Uzio huo ulizaliwa katika mkutano wa mtaa ambao nilihudhuria mimi mwenyewe, nikachanga shilingi 10,000 kama kaya nyingine, na hadi leo sijaona dalili yoyote kwamba fedha zile ziliibwa. Zilikwisha tu. Tofali zilipanda bei, nondo nazo zikapanda, fundi akadai malipo ya awamu ya kwanza, na tulipofika kona ya tatu hapakuwa na kitu.

Nimeukumbuka mkutano ule baada ya shemeji yangu anayeishi California kunitumia picha ya karatasi yake ya kura. Chini ya majina ya wagombea palikuwa na swali kuhusu shule za wilaya yao: je, wilaya ya shule, yaani eneo linaloendesha shule zake lenyewe, ikope fedha kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni zinazolipwa baadaye pamoja na riba, ili ikarabati majengo, na mkopo huo ulipwe kwa kuongeza kodi ya majengo? Pembeni kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Shemeji alikuwa akilalamika kwamba karatasi ni ndefu na maswali ni mengi. Mimi niliisoma mara tatu, kwa wivu ambao sikumwambia.

Kilichonigusa ni namna swali lilivyoandikwa. Sheria ya California inataka swali la namna hiyo lisizidi maneno 75, na ndani ya maneno hayo kitajwe kiasi cha mkopo, kiwango cha kodi itakayotozwa, fedha zitakazokusanywa kwa mwaka na muda ambao kodi hiyo itaendelea. Mtu anayepiga kura anajua anakubali nini, kwa bei gani na mpaka lini. Aliyeliandika naye anajua kwamba atashikwa kwa maneno hayo hayo.

Sasa turudi chini ya mwarobaini wetu, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, jioni ile ya mkutano. Mwenyekiti alisema shule haina uzio, watoto wako hatarini, na kila kaya itoe elfu kumi. Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na geti la shule alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hii elfu kumi ni ya ukuta wote, au ya upande wa barabarani?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama, tuanze kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari." Watu wakacheka, na mama naye akacheka kidogo, akakaa. Mikono ikanyooshwa, mtendaji akaihesabu kwa macho, hoja ikapita.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua baadaye. Tulipofika mkutanoni, kila mmoja wetu alisaini karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo ndiyo iliyoambatanishwa kwenye muhtasari kama uthibitisho kwamba wananchi wameridhia mchango, kwa hiyo sahihi niliyoiweka nikiingia, kabla sijasikia neno lolote, ndiyo iliyohesabiwa kuwa kura yangu.

Sisemi haya kumlaumu mwenyekiti, ambaye alikuwa na tatizo la kweli mikononi. Elimu ya msingi hapa nchini ni bila ada, na tangu Januari 2016, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa pia kwa sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Elfu kumi kwa mwaka inanunua chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Uzio hauwezi kutoka humo. Fedha kubwa za majengo huja kwa mafungu kutoka juu. Mwaka 2021, kwa mfano, sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile tulizoziita fedha za UVIKO, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na wazazi wengi, nikiwamo mimi, tulifurahi. Ila fungu likija kwa ajili ya madarasa, haligeuzwi kuwa uzio. Kinachobaki ni mifuko ya kaya. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na tangu hapo neno linalotumika ni hiari. Hiari yenyewe kila mtu anaijua: ni ile ambayo mjumbe anakuja nayo mlangoni akiwa na daftari.

Wenzetu nao hawakufika walipo kwa urahisi. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kikomo cha kodi ya majengo kuwa asilimia 1 ya thamani, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Wazee waliokuwa wakihofia kufukuzwa na kodi kwenye nyumba zao walipumua, na shule zikapoteza sehemu kubwa ya mapato yao ya karibu. Hatifungani za shule za kulipwa kwa kodi ya majengo, ambazo kikomo hicho kilikuwa kimezizuia, zilirudi mwaka 1986, kwa sharti la kupata theluthi mbili ya kura. Hesabu hiyo inataka kutazamwa polepole: watu 66 kati ya 100 wakisema ndiyo na 34 wakisema hapana, walioshinda ni wale 34. Mwaka 2000, kwa Pendekezo la 39, sharti hilo lilishushwa hadi asilimia 55 kwa hatifungani za shule, lakini kwa masharti mengine. Miradi iorodheshwe mapema, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iundwe kamati ya raia wasiopungua saba, wakiwamo mzazi, mfanyabiashara, mzee na mwanachama wa chama cha walipa kodi, huku mtumishi wa wilaya ya shule akiwa haruhusiwi kuingia. Mimi ningekuwa tayari kuchanga hata mara mbili kwa ajili ya kamati ya namna hiyo, yenye mzee mmoja mstaafu asiye na haraka na anayeuliza risiti.

Pamoja na wivu wangu, kuna sehemu ya mpango wao ambayo nisingependa ivuke bahari. Kodi ya majengo huvuna pale penye majengo ya thamani. Huko Texas, wazazi wa wilaya ya Edgewood mjini San Antonio walilipeleka jambo hili mahakamani, wakionyesha kwamba wilaya yao maskini ilijitoza kiwango kikubwa zaidi cha kodi na kupata dola 26 kwa mwanafunzi, ilhali jirani zao wa Alamo Heights, kwa kiwango kidogo zaidi, walipata dola 333. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba Katiba ya nchi haikuvunjwa. Ukiuleta mpango huo Dar es Salaam jinsi ulivyo, Masaki kwa wenye nazo watajenga maabara, na Chanika kwa wanyonge watapiga kura ya ndiyo kwa kishindo na kupata tundu moja la choo.

Halafu kuna suala la nani anapiga kura na nani analipa. Shemeji yangu ni mpangaji kama mimi. Hati ya kodi ya jengo inakwenda kwa mwenye nyumba wake, lakini kura ni ya shemeji, kwa kuwa ni mkazi aliyejiandikisha. Hapa kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mimi. Tarehe mosi usiku, nyumba ikiwa giza, nanunua umeme wa 2,000, ujumbe unaingia, nasogeza simu karibu na uso: 1,500 imekwenda kwenye kodi ya jengo nisilolimiliki, na uniti zilizobaki hazipigi hata pasi ya sare za watoto. Mwenye nyumba nikimwambia tukatane kwenye kodi ya pango, ananiangalia kama nimemtukania mzazi. Na mkutanoni, ingawa mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 ana haki sawa ya kusema, wapangaji tunakaa nyuma, na tukisema tunakumbushwa kwa utani kwamba sisi ni wapita njia.

Kuhusu hatifungani zenyewe, si kitu kigeni tena. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5, na wanunuzi wakajitokeza kuliko ilivyotarajiwa. Mamlaka ile ina ankara za maji za kulipia deni. Shule ya mtaa haina ankara, kwa hiyo sidhani kwamba tutauza hatifungani za uzio karibuni, wala sitaki tuuze. Ninachotaka ni swali kuandikwa kabla ya fedha kutoka. Jibu la swali la muuza vitumbua lilistahili kuwapo kwenye karatasi, na kama lingekuwapo, mtu angepiga hesabu ya tofali, angeona kwamba fedha zinaishia kona ya tatu, na tungeamua pale pale kama tuongeze mchango au tujenge seng'enge kuzunguka shule yote.

Sasa shule inahitaji vyoo, na mkutano mwingine umeitishwa. Jana nilimpelekea mtendaji karatasi yenye swali hili:

"Je, kaya za mtaa huu zinakubali kuchangia shilingi 10,000 kila kaya, kwa mara moja tu, ili kujenga matundu sita ya vyoo vya wasichana katika shule ya msingi ya mtaa, fedha zikiwekwa katika akaunti ya shule, mapato na matumizi yakibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila mwisho wa mwezi, na mchango ukikoma siku matundu hayo yatakapokamilika, bila mtoto yeyote kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mzazi kutochangia?"

Ni maneno 66. Mtendaji aliyasoma yote akiwa amesimama, akaniuliza kama mimi ni mwanasheria, nikamwambia hapana, mimi ni mpangaji. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya daftari la muhtasari, akasema ajenda zimeshapangwa, lakini ataiingiza kwenye mengineyo.