Kifuniko cha Jamu

Baba alipomleta Jeki nyumbani, kitoto cha mbwa ambacho hakijafikisha hata miezi miwili, alikuwa ameshampangia kazi: ulinzi. Tulikaa Mafiga, Morogoro, na wezi wa kuku na nguo za kwenye kamba walikuwa wamechachamaa. Utaratibu wa baba ulikuwa ule ule wa kila nyumba yenye mbwa mtaani petu. Mchana mnyororo chini ya mwembe, usiku anaachiwa. Chakula ni ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, sikukuu utumbo. Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema tumlishe pilipili awe mkali, mwingine akaapa kwamba manyigu ndiyo dawa. Mama aliwasikiliza wote, kisha akasema pilipili zake ni za mboga.

Hata bila pilipili Jeki alikuwa mkali. Shida ni kwamba hakuna aliyemweza isipokuwa baba, naye alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, akiondoka ameondoka. Bibi wa nyumba ya pili alipita mbele ya geti letu kila alasiri kwenda msikitini, na kabla hajafika ungesikia sauti yake: "Mjukuu wangu, mshike huyo, nina udhu!" Hakuwa na chuki na mbwa, mabaki ya pilau ya Maulidi aliyaleta mwenyewe kwenye sufuria kuukuu na kuyamimina kwenye bakuli la Jeki akiwa amesimama mbali. Alichoogopa ni mate. Nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwa magoti yale asingeweza kurudi nyumbani kufua kisha akawahi swala ya jamaa. Basi mimi, binti wa kidato cha pili, nilining'inia kwenye mnyororo kwa mikono miwili mpaka apite, viganja vimechubuka.

Mwezi wa nane mbwa asiyejulikana kwao alimng'ata mtoto mtaa wa pili. Nashukuru mama yake alijua la kufanya. Alilisugua jeraha kwa sabuni chini ya bomba linalotiririka, robo saa nzima, huku mtoto analia na majirani wakimwambia apake mafuta ya taa, kisha akamkimbiza hospitali kuanza sindano. Mtoto alipona. Waliosubiri waone kwanza, tuliwahi kuwasikia kwenye habari za mikoa mingine. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayenusurika. Haikupita muda gari la matangazo likazunguka mtaani: Jumamosi ya mwisho wa Septemba, kila mwenye mbwa amlete uwanja wa shule ya msingi, chanjo ni bure, na mbwa atakayekutwa anazurura baada ya hapo ataondolewa. Kila mtu alijua maana ya kuondolewa. Baba alikuwa Tunduma.

Uani kwa bibi alipanga kaka mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu wa Panya, na siyo kwa heshima. Alifanya kazi shirika la APOPO, pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, wanakofundishwa panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Aliondoka alfajiri kweusi, maana panya hao hufanya kazi ya uwanjani kabla jua halijakolea, na saa sita mchana ungemkuta kibarazani anakunywa chai wakati wanaume wenzake wako kazini. Ndiyo maana walimcheka. (Mwaka 2020 panya mmoja mzaliwa wa Morogoro, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, kwa mabomu aliyoyagundua Kambodia. Nilimtumia kaka yule ujumbe wa pongezi. Alijibu kwa picha ya ndizi.)

Alinikuta nimekaa chini nje ya geti, nimepewa jukumu la kumfikisha Jeki uwanjani na sijui pa kuanzia. Akaingia ndani kwake, akatoka na kifuniko cha chupa ya jamu, kile cha bati chenye kitufe katikati. Ukikibonyeza kinalia tak, ukikiachia kinalia tena.

"Panya wangu wanajua kitu kimoja," akasema. "Wakisikia mlio, ndizi inakuja. Kila mara. Usimdanganye hata siku moja."

Masharti yake yalikuwa machache lakini hakutaka mchezo nayo. Mlio utoke mnyama akiwa katikati ya kitendo unachokitaka, siyo baada yake. Chakula kiwe kidogo, cha kumeza mara moja. Na somo liishe bado anataka. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda kulielewa, kwa sababu mimi shuleni nilizoea somo linaloendelea mpaka kila mtu amechoka, mwalimu akiwemo.

Ndizi Jeki alizinusa akazikojolea. Tukahamia dagaa.

Tulianza na mlio na dagaa tu, bila kumtaka afanye chochote, mpaka kifuniko kikilia masikio yanasimama. Kisha mkanda wa shingoni, maana mnyororo ulikuwa umemla manyoya. Kisha kamba ikaburuzika chini anakokwenda, hakuna anayeivuta. Siku niliyookota ncha ya kamba ile na Jeki akanifuata hatua kadhaa, akinitazama usoni badala ya kunikokota, nilipiga ukelele uliomtoa mama jikoni na mwiko mkononi.

Kaka yule akaongeza jambo ambalo nisingelifikiria. "Sindano itaingia wapi?" Sikujua. Akanionyesha ngozi ile inayolegea nyuma ya shingo, kati ya mabega. Nikawa naishika, naiinua kwa vidole viwili, tak, dagaa. Baadaye naifinya kidogo kwa kucha, tak, dagaa. Mara ya kwanza Jeki aligeuza kichwa ghafla na meno yakagusa mkono wangu, yakauachia bila kuuma, naye akaonekana kushangaa kuliko mimi. Tukarudi nyuma, tukaanza tena kwa kushika tu. Hata ikafika mahali nikishika ngozi hiyo anakaa chini mwenyewe na kuanza kutokwa mate. Baba alipiga simu kutoka Mbeya akasimuliwa. "Mbwa wa kubembelezwa na dagaa," akauliza, "atamfukuza nani?"

Jumamosi tulitoka asubuhi, bibi akiwa dirishani anatuombea dua kwa sauti. Uwanja wa shule ulikuwa umeshajaa. Sikuwahi kujua mtaa wetu una mbwa wengi kiasi kile. Walikuja kwa kamba za katani, kwa waya wa umeme, kwa mkanda wa suruali ambao mwenyewe alikuwa anaishikilia suruali kwa mkono wa pili. Mmoja aliletwa kwenye mkokoteni ndani ya gunia, kichwa tu nje, anabweka kama spika ya baa. Bwana mifugo alikuwa na meza ya mwalimu chini ya mkungu, kisanduku cha barafu cha chanjo, rundo la kadi, na uso wa mtu aliyeamka saa kumi usiku.

Nilijipanga kwenye foleni nikajaza kiganja, nikabonyeza kifuniko. Jeki akapata dagaa wake. Nikabonyeza tena.

Jambo ambalo mwalimu wa panya hakunieleza, pengine kwa kuwa panya wake hufanya kazi mmoja mmoja, ni kwamba mfuko wa sketi wenye dagaa husikika puani mwa kila mbwa uwanjani. Mbwa wa mbele yetu aligeuka. Wa nyuma akasogea. Yule wa kamba ya katani aliikata, sijui kwa meno au ilikuwa imeoza, akaja mbio, na mwenye suruali akalazimika kuchagua kati ya mbwa na heshima yake. Akachagua heshima. Foleni ikawa duara, na katikati ya duara ni mimi, nimeinua mikono, Jeki amenikalia miguuni manyoya yamemsimama, ananguruma, lakini macho yako kwenye kifuniko.

"Nani kaleta dagaa hapa?" bwana mifugo akafoka.

"Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Pita mbele upate sindano uondoke!"

Nikapita. Nikamshika Jeki ngozi ya mabegani, akakaa. Sindano ikaingia, tak, dagaa, ikatoka. Hakugeuza hata kichwa. Bwana mifugo alibaki na bomba la sindano hewani, akimtazama Jeki, kisha akatazama mikono ya msaidizi wake iliyokuwa imefungwa bandeji toka kituo cha jana.

"Binti, umebakiwa na dagaa wangapi?"

Sikuondoka. Nilisimama pembeni ya meza ile mpaka adhuhuri, nikimwonyesha kila mbwa kiganja upande wa mdomo huku sindano ikiingia upande wa pili. Wasiojua mlio hawakuhitaji mlio, dagaa aliwatosha. Wachache hawakukubali, hao walibanwa kwa magunia kama ilivyokuwa desturi. Mfuko ulipoisha nilimtuma mdogo wangu nyumbani, naye, kwa kutotofautisha, akachota kwenye kopo la dagaa wa Kigoma ambalo mama alikuwa amelificha kwa ajili ya wageni.

Chanjo hurudiwa kila mwaka. Septemba iliyofuata mjumbe alibisha hodi na ujumbe wa bwana mifugo: yule binti wa Mafiga aje mapema, kabla ya foleni. Mama akamwuliza mjumbe kama serikali imetuma na hela ya dagaa. Haikutuma. "Basi," mama akasema, "safari hii watakula wa Mwanza."