Kobe Hayumo, Kikombe Amenuna

Jumatano, usiku

Vitabu vimetoka. Ni viwili, kila kimoja kurasa 24, saizi ya A5. *Kobe Hayumo* ni cha mtoto anayeanza kuunganisha silabi. *Kikombe Amenuna* ni cha yule anayesoma sentensi nzima na ameshaanza maswali. Katoni zimepangwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, maana kuta za Dar es Salaam hunyonya unyevu hata kabla vuli haijaanza. Niandike sasa jinsi vilivyotengenezwa, kwa kuwa kitabu chenye maneno yasiyofika sabini kinadanganya: ukikishika unadhani kiliandikwa kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Sharti la Kobe ni silabi wazi tu: konsonanti moja na irabu yake, au irabu peke yake. Ba, ko, mi, u. Hakuna mb wala nd, hakuna ch wala sh, hakuna mw, na hakuna ile m inayosimama yenyewe kama katika *mti*. Mtoto hufundishwa irabu kwanza, kisha silabi hizi, na miungano ya konsonanti huja nyuma. Sharti linaonekana jepesi mpaka kalamu ishuke. "Ndani" haiwezekani. "Chini" haiwezekani. Nyumba, ndege, kitanda na dirisha vyote nje. Hata mtoto mwenyewe hatajiki, kwa sababu neno *mtoto* linaanza na m ileile. Kinachobaki ni jiko, meza, kabati, kikapu, kisima, sufuria, kofia, na jamaa wachache: Mama, Baba, Babu, Dada, Kaka.

Kiokoaji ni ile *-ni* ya mahali. "Ndani ya kikapu" haipiti, lakini *kikapuni* inapita bila kugusa ukingo. Hapo ndipo hadithi ilipopata uti wa mgongo, kwani mahali katika Kiswahili pana sura tatu. *Yuko jikoni? Hayuko. Yupo mezani? Hayupo. Yumo sufuriani? Hayumo.* Tukizungumza, wengi tunalimwaga *yuko* kila mahali, Nairobi zaidi lakini hata hapa, na mtoto anakua hajui kwamba tofauti ipo. Picha ndiyo mwalimu. Maelekezo kwa mchoraji yalikuwa hivi: penye *yuko*, chora eneo pana, chumba kizima, penye *yupo*, chora sehemu moja wazi inayoonyesheka kwa kidole, penye *yumo*, chora kitu chenye mdomo au mlango. Mchoraji akichora sufuria iliyofunuliwa kutoka juu, kobe anaonekana hayumo kabla swali halijasomwa, na ukurasa umekufa. Sufuria lazima iwe na mfuniko.

Sentensi ya mwisho ni *Kofia ya Babu ina miguu.* Silabi kumi na moja, zote wazi. Iko ukurasa wa 24, upande wa kushoto, na swali lake liko ukurasa wa 23, upande wa kulia. Hii si bahati. Ukurasa wa kulia ndio unaofunuliwa, kwa hiyo kila unachotaka kuficha kikae nyuma yake. Swali likikaa kushoto na jibu kulia, jicho la mtoto limeshaiba jibu.

Hesabu ya kurasa haina ujanja. Kitabu cha kubanwa pini huenda kwa nne nne. Katika 24, ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni hakimiliki na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, na hadithi inapata ukurasa wa 3, jozi kumi za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 24. Matukio kumi na mawili. Anayekuja na matukio ishirini amekuja na kitabu kingine. Halafu kumbuka kwamba katika jozi zote hizo, ni ya 12 na 13 tu ambayo ni karatasi moja isiyokatika, pale katikati penye pini. Picha kubwa inayovuka mkunjo iwekwe hapo. Kwingineko nusu mbili zinatoka kwenye sehemu tofauti za karatasi, na mkunjo ukiteleza milimita moja, pua ya kobe inapanda juu ya jicho.

Sasa Kikombe. Hiki ndicho kilichokula muda.

Kikombe ni cha bati, cha bluu, kimeachwa bila kuoshwa usiku kucha na asubuhi kinagoma kushikwa. Mkono wake mmoja uko ubavuni, kwa hiyo kwa maumbile yake tayari ni mtu aliyeshika kiuno. Lakini je, *kimenuna* au *amenuna*? Sarufi ya darasani inasema kikombe ni ki-vi: kikombe kimenuna, vikombe vimecheka. Masikio ya mtoto yanasema anayenuna ni mtu. Kwa wanyama hatubishani; kifaru ni mkubwa, si kikubwa, na kifaranga amepotea, si kimepotea. Kwa vyombo vinavyosema hakuna kanuni moja inayofuatwa na wote, na ndiyo sababu utakuta kitabu ambacho ukurasa wa 5 "kikombe kidogo alilia" na ukurasa wa 9 "kikombe kikajibu". Kubaya si kuchagua hiki au kile, ni kuchanganya bila kujua.

Uamuzi uliandikwa kwenye karatasi moja kabla ya mstari wa kwanza. Kikombe kwa K kubwa ni jina la mhusika, na linafuata a-wa popote: *Kikombe mdogo*, *Kikombe aliyeachwa*, *alimwosha*. Kikombe kwa k ndogo ni chombo cha kawaida kabatini, na kinabaki ki-vi: *vikombe vingine vimepangwa*. Kisha tukaacha mlango mmoja wazi kwa makusudi. Mama, katika maneno yake mwenyewe, anasema kama mama yeyote: "Kikombe hiki kina nini leo?" Msimulizi anasema *amenuna*, Mama anasema *kina*. Wanaishi katika jiko moja na hawaoni kitu kimoja. Ukurasa wa 22 Mama anainama na kuuliza, "Umeamkaje?" Hakuna sentensi inayoeleza kwamba sasa amemwona, upatanisho wa sarufi umeshasema.

Mambo kama haya lazima yaandikwe kwenye karatasi inayofuatana na muswada mpaka mwisho. La sivyo msomaji wa prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kuchapa, kwa nia njema kabisa, ataona *kina* hapa na *amenuna* pale, atasawazisha, na moyo wa hadithi utaondoka kwa kalamu nyekundu.

Jambo la pili: Kiswahili hakisemi kama *a-* huyu ni wa kike au wa kiume. Ni raha kubwa kwa mwandishi, lakini mchoraji hana pa kujificha. Mtoto anayekunywa maziwa katika hadithi hii hana jina, basi mchoraji alipaswa kuambiwa mapema avae nini na nywele ziweje, tena sawasawa katika matukio yote kumi na mawili. Kila mhusika alichorewa karatasi yake: mbele, ubavu, nyuma, amecheka, amenuna.

Tanakali za sauti zimewekwa kwa mpango uleule wa kufunua. Ukurasa wa 15 unaishia *akateleza, akateleza*, na wa 16 hauna neno jingine ila Chubwi! kwa herufi kubwa, ndani ya ndoo. Usiandike "akatumbukia chubwi kwa kishindo". Chubwi imeshabeba maji, ndoo na kishindo.

Aposto ya *ng'* ni kero ndogo isiyoisha. Kikombe ana maziwa ya ng'ombe na mwishoni anang'aa, kwa hiyo aposto zipo kurasa nyingi. Muswada ukipita kwenye simu, kompyuta na programu ya kupanga kurasa, nyingine zinarudi zimenyooka na nyingine zimepinda, na ukitafuta "ng'ombe" unapata nusu yake tu. Mbaya zaidi ni aposto kupotea: *nang'oa* ikawa *nangoa*. Dawa ni tatu. Badilisha zote ziwe za aina moja kwa amri moja kabla ya kupanga kurasa. Usifungue usemi kwa alama moja, tumia mbili, ili mtoto asidhani maneno yamefungwa katikati ya ng'ombe. Na zima ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Kwa msomaji mchanga neno lisikatwe kamwe, hata kama mstari utabaki mfupi. Herufi zenyewe ni pointi 22 kwa Kobe na 16 kwa Kikombe, zenye *a* inayofanana na ya daftarini.

Kiwandani. Karatasi za ndani ni gramu 130 zisizong'aa, jalada gramu 250 lenye utando wa plastiki. Kitabu kimoja kina uzito wa gramu 64 hivi, kwa hiyo katoni ya vitabu 100 haifiki kilo 7, mtu mmoja anaibeba. Nyuzi za karatasi zielekee sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikaa kinyume, kurasa zinajikunja kwa unyevu na kitabu hakilali kikafunguka. Kila picha inayogusa ukingo iongezwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na maandishi yakae angalau milimita 10 ndani. Gundi tuliikataa: mtoto hufungua kitabu kwa kukikunja nyuma, na kurasa zinang'oka kabla muhula haujaisha.

Bluu ya Kikombe ilikaribia kuwa zambarau. Kwenye skrini ilikuwa bluu safi, kwenye prufu ya wino ikawa rangi ya bilinganya. Sababu ni kiasi cha majenta, wino wa wekundu wa waridi, kukikaribia mno kiasi cha samawati, wino wa bluu. Ukitaka bluu ibaki bluu, acha majenta iwe chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Usikubali prufu ya skrini, dai ya karatasi.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zetu huanza na 978 ikifuatwa na namba ya Tanzania, kama 9976 au 9987. Kila kitabu namba yake, na toleo la lugha nyingine namba nyingine. Kosa la kawaida ni msanifu kunakili jalada la zamani na kusahau kubadili mistari ya msimbo, vitabu viwili vikauzwa kwa namba moja. Kuingia shuleni ni safari tofauti, ya ithibati, nayo haijaanza.

Mwisho, ukurasa wa 17 wa *Kobe Hayumo*. Umechapwa: *Yupo kabatini? Hayumo.* Ilipaswa kuwa *Yumo kabatini?* Katika kitabu ambacho kazi yake yote ni -po, -ko na -mo, kosa limekaa hapohapo. Vibandiko hatutabandika, vinang'oka na wino wa chini. Mwalimu au mzazi afute *po* kwa kalamu nyeusi, aandike *mo* juu. Maandishi yote yamewekwa kwenye nyeusi peke yake, asilimia 100, bila rangi nyingine chini, kwa hiyo toleo lijalo litadai pleti (bamba la kuchapia) moja tu mpya, ya wino mweusi, kwa upande ule wa karatasi, na nyingine tatu za rangi zitabaki zilivyo.