Kandambili

Juzi usiku nampigia pasi kijana wangu shati la shule, akaniuliza kutoka kitandani, "Mama, eti mimi nilikuwa mtundu sana nilivyokuwa mdogo?"

Ile 2020 ya corona ikanirudia yote. Shule zimefungwa tangu tarehe 17 Machi, baba yao karudi na boti kutoka Unguja na begi lake moja maana Nungwi wageni hakuna na hoteli imewasimamisha, tuko wanne kwenye chumba na sebule Mbagala, kodi tunadaiwa. Yeye ana miaka 7. Akaanza kukojoa kitandani tena, anamng'ata mdogo wake, uji anaumwaga makusudi, na mimi dawa yangu ilikuwa moja tu, mwiko. Nikishamchapa naenda kujifungia chooni nalia, nikitoka naosha vyombo kama hakuna kitu. Baba yao hapigi wala hasemi, anaangalia ukuta.

Sasa siku hiyo natoka bombani na ndoo kichwani, nasikia sauti yangu ndani. Yaani maneno yangu kabisa, "Nimechoka na nyie! Mtaniua na presha!" Nikachungulia pazia. Kapanga kandambili zote sakafuni kwa mstari, za baba yake, zangu, za mdogo wake, anazichapa moja moja na mwiko na kila moja anaiuliza, "Utarudia?" Halafu anaijibia kwa kasauti kadogo, "Sirudii mama." Alipofika kwenye za kwake hakuziuliza kitu. Alizipiga, alizipiga mpaka jasho likamtoka, akachoka, akaziokota akaziweka mapajani, akawa anazifuta vumbi na fulana yake taratibu.

Shingo inaniuma na ile ndoo ila sikuitua, niliogopa atanisikia.

Siwezi kusema nilibadilika siku ile, mwiko niliushika tena, siyo mara moja. Ila nilianza kutoka nje nikiona kifua kinapanda, nakaa barazani mpaka pumzi itulie ndo narudi, na usiku nikaanza kuongea na baba yao badala ya kulia chooni. Kung'ata kukapungua. Kama ni sisi au ni shule kufunguliwa Juni 29, mpaka leo najiuliza.

Nikamjibu, "Ulikuwa na hasira mwanangu. Na mimi nilikuwa na hasira."

Akanyamaza, nikajua kalala.

"Ila wewe ulikuwa mkubwa, mama."

Nikachomoa pasi, mkono mmoja wa shati bado haujanyooka.