Kutafuta mkutano Mombasa

Barua ya uhamisho ilipotoka, walimu wenzangu walinipongeza: naenda kupunga upepo wa bahari. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu. Huko Mombasa watu wa AA (Alcoholics Anonymous), sisi tunaosaidiana kuacha pombe, hukutana wapi, siku gani, saa ngapi? Nyumba ingepatikana tu, na soko halikosekani. Lakini mtu aliyeacha pombe akihamia mji asiomjua mtu, hapo ndipo pa hatari. Kwenye kikundi chetu cha Nairobi tulizoea kukumbushana mambo manne ya kuchunga: njaa, hasira, upweke na uchovu. Wiki ya kuhama huja nayo yote manne.

Kuuliza ndiko kulikonitoa jasho. Utamwuliza nani? Mwalimu mkuu ambaye ndio kwanza mmejuana? Mwenye nyumba? Ukiuliza tu, umeshajitangaza. Nilipokwenda zahanati kupima presha nikajikaza nikamwuliza muuguzi. Alikuwa mtu mwema sana. Aliniandikia 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, inayopigwa bure mchana na usiku, lakini kikundi kinachokutana mwendo mfupi tu kutoka mlangoni pake hakukijua. Mimi nilikuja kukipata kupitia sponsa wangu wa Nairobi, yaani mwenzangu wa AA aliyenitangulia na anayeniongoza, aliyekuwa na nambari ya mwenzetu wa huku.

Jambo hilo halijanitoka moyoni. Muuguzi yule ndiye anayemwona kwanza mtu ambaye mikono inamtetemeka asubuhi. Tena ni vizuri aanzie kwake, maana aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla bila daktari anaweza kushikwa na degedege, na wengine hufa. Sasa akishatibiwa, akatulia, aelekezwe wapi?

AA yenyewe ilianza kwa mgeni aliyeuliza. Mwaka 1935 Bill W., mtu wa mambo ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe, alikwama katika mji wa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka imevunjika, hana mwenzake, na baa ya hoteli iko palepale. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa wasiomjua, hadi akapata mtu wa kumkutanisha na mlevi mwingine, daktari wa upasuaji tunayemwita Dr. Bob. Kila nikiikumbuka habari hiyo nafikiria: je, angepiga simu mjini kwetu, nani angejua la kumjibu?

Tunatunza siri, na ni lazima. Majina yetu hayaendi magazetini wala redioni, na yanayosemwa chumbani hubaki chumbani. Lakini siri hiyo ni ya mtu. Chumba hakina haja ya kufichwa. Daktari, chifu, imamu na padri wanapaswa kujua siku na saa ya mkutano kama wanavyojua siku ya kliniki ya watoto.

Jumanne iliyopita niliwahi ili nisaidie kupanga viti. Tunakutana katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, alisimama mwanamume wa makamo, kanzu imenyooshwa vizuri, kofia kichwani. Anatazama geti, anatazama simu, anatazama geti tena. Nikavuka, nikamsalimia.

"Assalaam aleikum, kaka."

"Waaleikum salaam, dada."

Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anatafuta mkutano. Akakaa kimya kidogo. "Nimeambiwa ni humo. Lakini watu wa mtaa wakiniona naingia kanisani watasema nimeritadi. Na wakijua kilichonileta, hapo ndipo nimekwisha kabisa."

Nilimweleza kwamba sisi ni wapangaji tu. Kikapu hupitishwa, kila mtu anatoa alichonacho, tunalipa kodi ya chumba. AA haimo chini ya dini yoyote, na sharti la kuingia ni moja, mtu awe anataka kuacha kunywa. Alinisikiliza kwa adabu, lakini getini hakuingia, nami sikumshurutisha. Kwa Mwislamu wa hapa Pwani aibu ya pombe inamwangukia mtu na familia yake yote, na mimi mtu wa bara siwezi kumwambia eti ni jambo dogo.

Nikaingia kumwita mzee wetu mmoja, naye ni Mwislamu, ameacha pombe miaka mingi. Alitoka na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Wakakaa kwenye benchi la duka la jirani, wakazungumza hadi sisi ndani tukamaliza. Kwangu mimi huo nao ulikuwa mkutano kamili. Ndugu yule ameniruhusu kuandika haya, mradi nisimtaje.

Baadaye tulibaki kujadili mambo ya kikundi. Tumekubaliana kutafuta chumba kingine kwa siku ya pili ya wiki, ukumbi wa kijamii au darasa, mahali ambapo mtu wa kanzu na mtu wa msalaba wataingia bila kugeuka kutazama nyuma. Mzee atazungumza na imamu anayemwamini. Mimi nimechukua zahanati, na kesho nikitoka darasani nitaanzia kwa muuguzi yule. Nimeshaandika karatasi: siku, saa, na njia ya kufika kutoka steji ya matatu.