Nikabu, Ukaguzi na Faini ya Yuro 150

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kukagua pasipoti, na mbele yangu alisimama mama aliyevaa nikabu, kitambaa kinachofunika uso na kuacha macho tu. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Ofisa aliyekuwa dirishani hakusema neno; alimwita mwenzake wa kike, naye akamchukua yule mama hadi nyuma ya pazia, akautazama uso, akaulinganisha na picha, wakarudi na muhuri ukagongwa. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Aliyeichelewesha foleni ni mimi, kwa kuwa fomu yangu nilikuwa sijaimaliza kuijaza.

Hukikumbuka kisa hicho kila usalama unapotajwa kuwa sababu ya kupiga marufuku nikabu barabarani. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Aprili 11, 2011, humtoza anayefunika uso hadharani faini isiyozidi yuro 150, au humpeleka kwenye mafunzo ya uraia, au vyote viwili. Anayemlazimisha mwingine kujifunika huweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa yuro 30,000, na kwa kifungu hicho sina ugomvi.

Mwanamke mmoja Mfaransa, aliyetambulishwa kwa herufi S.A.S. tu, aliishtaki nchi yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alieleza kwamba hakushurutishwa na mume wala ndugu, kwamba haivai nikabu kila siku, na kwamba yu radhi kuufunua uso benki au uwanja wa ndege anapotakiwa. Katika hukumu ya Julai 1, 2014, majaji hawakuridhika kwamba usalama unatosha kuhalalisha katazo la jumla, wala hawakukubali kwamba usawa wa kijinsia utumike kumkataza mwanamke jambo analolitetea mwenyewe. Hata hivyo alishindwa, kwa hoja moja iliyosalia, ya kwamba uso uliofunikwa unadhoofisha "kuishi pamoja". Majaji wawili kati ya 17 walipinga, na mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaamua, katika mashauri ya wanawake wengine wawili, kwamba Ufaransa imekiuka haki zao.

Ikaja korona. Mwaka 2020 Ufaransa hiyo hiyo ikawalazimisha abiria wa treni na mabasi kuvaa barakoa, huku katazo la nikabu likibaki palepale. (Neno barakoa lenyewe, kabla ya kupewa kazi hospitalini, lilikuwa jina la kitambaa ambacho wanawake walifunikia uso.)

Sisemi kwamba hofu zote ni za kubuni. Chad ilipiga marufuku mavazi hayo Juni 2015, siku mbili baada ya watu kujilipua mjini N'Djamena, na mwezi uliofuata mwanamume aliyejificha ndani ya vazi la kike akajilipua sokoni katika mji huohuo. Katazo lilikuwepo tayari, na halikumzuia.

Waislamu wenyewe hawana kauli moja. Wanazuoni wengi husema uso si lazima ufunikwe, wengine husema ni wajibu, na mwanamke aliye katika ihramu, yaani hali ya ibada ya hija au umra, huko Makka hukatazwa kuvaa nikabu. Mwaka 2009 Sheikh Tantawi, aliyekuwa mkuu wa Al-Azhar, taasisi kubwa ya elimu ya Kiislamu nchini Misri, alimwamuru mwanafunzi aivue, akisema hiyo ni mila tu, si ibada. Kielimu huenda nikakubaliana naye, lakini kumvua msichana nikabu mbele ya wenzake hakukunipendeza hata kidogo.

Mei 2022 Taliban nao waliagiza wanawake wa Afghanistan wafunike nyuso hadharani. Ufaransa faini humwangukia mwanamke. Katika agizo hilo la Kabul, mwanamke akikaidi, anayeonywa, kuitwa na hatimaye kufungwa ni baba, kaka au mumewe, kana kwamba uso ule ni wao.