Kumbukumbu ya mradi wangu: kuisikiliza besi peke yake

Wiki ya 1

Mradi ni huu: kuchukua rekodi chache za jazi ya Marekani, kuisikiliza besi tu huku vyombo vingine vyote nikiviacha vipite, kuandika kila noti kwenye daftari, kisha kuipiga mwenyewe. Besi ninayoisema ni kontrabasi, ile kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama. Wengi wetu tumeiona kwa wapigaji wa taarab wa Unguja, Culture Musical Club au Ikhwani Safaa. Mimi sina. Nina gitaa la besi ninalopigia kwaya, na kwa bahati nyuzi zake nne hutyuniwa sawa na za kontrabasi: E, A, D, G.

Nilipomweleza mjomba, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye bendi za dansi, akaniuliza: "Jazi ipi, mwanangu? Western au Morogoro?" Ana haki. Sisi neno hilo tulilipokea kwenye majina ya bendi, na bendi zenyewe zilipiga rumba. Nikamwambia hii ni ile nyingine, ya kina Duke Ellington, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani. Akasema niendelee, nikipata kitu nimletee.

Siku nne za mwanzo zimepotea kwa sababu ya simu. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi unatoa mtikisiko wa hezi 41 tu, na spika ndogo ya simu haifiki huko chini. Kinachosikika ni sauti za juu zinazozaliwa na noti ile, na sikio linakisia yaliyobaki. Nilikuwa naandika makisio. Nimeazima hedifoni kubwa za fundi mitambo wa kanisani na nimeanza upya.

Wiki ya 3

Jimmy Blanton, mpiga besi. Nimemweka wa kwanza kwa sababu kabla yake wapiga besi wengi walikuwa kazi yao ni kushikilia mapigo. Duke Ellington alimkuta St. Louis mwaka 1939 akiwa kijana wa miaka 21, akamchukua papo hapo. Tarehe 6 Machi 1940 wakarekodi "Jack the Bear", na besi yake ndiyo inayofungua na kufunga wimbo. Bendi nzima ya wapulizaji imemzunguka, yeye anaongea katikati yao kama mwenye nyumba.

Lakini nilichokaa nacho zaidi ni rekodi za watu wawili tu, piano ya Ellington na besi ya Blanton, za Oktoba mwaka huo huo. "Pitter Panther Patter" ina dakika tatu na kidogo, maana santuri za wakati ule hazikubeba zaidi. Nimetumia jioni sita kuandika dakika moja. Kasi si tatizo, kuna mashine za kupunguza kasi. Tatizo ni kwamba Blanton anaianza noti moja mapema kidogo, nyingine anaiacha ikae mpaka karibu na jirani yake, na kwenye daftari zote zinaonekana sawa. Nimeanza kuandika mstari mfupi au mrefu chini ya kila noti kuonyesha imeishi muda gani. Daftari sasa linafanana na kitabu cha mahudhurio, ila nikilisoma naweza kuimba nilichoandika.

Alikufa kwa kifua kikuu huko California, Julai 1942. Miaka 23. Alikaa na Ellington kama miaka miwili hivi, na baada yake hakuna mpiga besi wa jazi aliyeweza kupiga kana kwamba Blanton hakupita.

Wiki ya 4 hadi ya 8

Mpiga besi Paul Chambers, wimbo "So What", kutoka Kind of Blue, santuri ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Nilipanga wiki mbili. Zimekuwa tano, na sijutii hata moja.

Kwanza, kadhia ya tyuni. Nilityuni gitaa vizuri kabisa, nikapiga pamoja na rekodi, tukatofautiana. Sauti yangu ilikuwa chini kidogo, si noti nzima wala nusu yake. Nikatyuni tena. Nikabadilisha nyuzi. Usiku wa tatu niliamini masikio yangu yameharibika kwa hizo hedifoni. Kumbe rekodi ndiyo yenye jambo: siku ile, tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 huko New York, mashine ilikuwa ikizungusha utepe polepole kuliko kawaida. Utepe ule ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kikapanda kidogo. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza wa santuri ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka zilipokuja kusahihishwa miaka ya 1990. Nakala niliyokuwa nayo ni ya zamani. Nimepata iliyosahihishwa, na noti ya kwanza niliyopiga nayo iliingia mahali pake. Nilisimamisha rekodi nikakaa kimya kidogo kwa furaha.

Sasa wimbo wenyewe. Sauti kuu, ile ambayo kwa kawaida hupewa tarumbeta au saksafoni, hapa imepewa besi. Chambers anauliza, wenzake wanajibu kwa mikong'oto miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Vipimo 16, kila kimoja cha mapigo manne, vinakaa kwenye D, vinane vinapanda nusu noti hadi E bapa, vinane vinarudi D. Basi. Mtu anaweza kujifunza sehemu hiyo kwa siku moja, na mimi nilijifunza kwa siku moja.

Wiki nne zilizobaki zimekwenda kwenye yanayofuata. Miles anapoanza solo yake, mpiga dramu Jimmy Cobb anagonga toazi moja kubwa, na Chambers anaanza kutembea: noti moja kwa kila pigo, pigo baada ya pigo, karibu dakika saba. Hakuna mabadiliko mengi ya kumshika mkono. Fikiria umepewa D kwa vipimo 16 uitembeze bila kuchosha, kisha urudie hivyo kwa kila mpiga solo anayefuata. Nilitarajia kukuta mtindo mmoja unaorudi. Nimeandika mizunguko sita sasa, na kila mmoja anapata njia nyingine ya kuteremka na kupanda, huku pigo lenyewe likiwa pale pale. John Coltrane, mpiga saksafoni, anapomwaga noti zake nyingi juu, chini kule hakuna haraka yoyote. Kwa masikio yangu hii ni kazi kubwa kuliko solo yoyote ya besi niliyoisikia, na imejificha mahali ambapo nimepita mara mia bila kuitambua.

Kikao cha pili cha santuri hiyo kilikuwa tarehe 22 Aprili 1959. Siku hiyo Chambers alitimiza miaka 24. Naye kifua kikuu kilimchukua, Januari 1969, akiwa na miaka 33.

Wiki ya 10

Mpiga besi Scott LaFaro nimemshindwa, nasema wazi. Rekodi za Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, za Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, akiwa na Bill Evans kwenye piano na Paul Motian kwenye dramu. Hatembei. Anaingia katikati ya sentensi ya piano, anaijibu, ananyamaza mahali ambapo ungemtegemea. "Gloria's Step", ambayo aliitunga mwenyewe, nimeandika vipimo 12 na sina hakika na vitatu. Siku 11 baada ya jioni hiyo alikufa kwa ajali ya gari, ana miaka 25. Nitarudi kwake nikikomaa.

Wiki ya 11

Nimegundua pia ukomo wa chombo changu. Uzi wa gitaa la besi una urefu wa sentimita 86 hivi, wa kontrabasi hukaribia 105, na mwili wake wa mbao unaimeza noti mapema. Gitaa langu noti haifi mpaka niiue. Nimekunja kipande cha sifongo nikakiweka chini ya nyuzi karibu na daraja, kile kipande zinapofungiwa. Sauti imefupika, na kwa mara ya kwanza mistari mifupi na mirefu ya kwenye daftari inatokea kwenye vidole.

Wiki ya 12

Jumamosi nilimpelekea mjomba. Nilimwekea rekodi mara moja, kisha nikapiga swali la Chambers polepole. Alinyamaza vipimo vinne hivi, akachukua gitaa lake ukutani, na nilipolirudia akajibu ile mikong'oto miwili. Wa pili aliufupisha barabara. Tulizunguka mpaka shangazi alipotuita kula, na nilipoanza kutembea aliniambia tu, bila kuacha kupiga, "Usikimbie."