Ile du-dap ya moyo ni milango inafungwa

Kwenye twisheni yangu ya baiolojia hapa Moshi, kabla sijaandika chochote ubaoni nauliza kwanza, jamani ile sauti ya moyo inatoka wapi, na karibu wote wanajibu nyama ya moyo inajikunja afu inagonga kifua. Inagonga kweli, weka mkono chini ya titi la kushoto utaushika mpigo wenyewe, ila kuushika ni habari moja na kuusikia ni habari nyingine. Hizo sauti mbili anazosikiliza daktari zinatoka kwenye valvu, yaani milango ya damu iliyo ndani ya moyo, tena sio zikifunguka, valvu nzima ikifunguka iko kimya kabisa, ni pale zinapofungwa.

Moyo una vyumba vinne na valvu nne. Mbili zipo kati ya vyumba vya juu na vya chini, ya kulia ni trikaspidi ina vipande vitatu, ya kushoto ni mitrali ina viwili. Zingine mbili zipo njia ya kutokea, moja inaelekea mapafuni na nyingine kwenye aota, lile bomba kubwa linalopeleka damu mwili mzima. Haya majina wanafunzi wanayakariri usiku kucha ila ukiwauliza nani anazifungua wanatulia tuli. Hakuna anayezifungua! Valvu haina msuli wa kujifungua wala kujifunga, ni utando mwembamba tu uko pale unangoja presha, presha ya nyuma ikizidi inafunguka, ya mbele ikizidi inafungwa, kama mlango wa uani unavyobamizwa na upepo na hakuna mtu aliyeugusa.

Sasa fuata damu. Vyumba vya chini vikijikunja presha inapanda ghafla, damu inataka kurudi juu ilikotoka, mitrali na trikaspidi zinafungwa papo hapo, hiyo ndo du. Damu inatoka kwa mbele, vyumba vinalegea, damu iliyoshafika kwenye aota na kwenye mshipa wa mapafu nayo inataka kurudi nyuma, valvu za huko zinafungwa, hiyo ndo dap. Na wala sio kwamba vipande vinagongana vikatoa mlio, ni damu iliyokuwa inakimbia inasimamishwa ghafla, utando unakazika, damu na kuta zote zinatetemeka, na huo mtetemo ndo unaofika kifuani.

Du ni nzito na ndefu kidogo, dap ni kavu na fupi. Kwa mtu aliyetulia mwenye mapigo 70 kwa dakika, pigo zima linachukua kama sekunde 0.86, kutoka du mpaka dap ni kama 0.3 na inayobaki ni ukimya wa kungoja du nyingine. Ukichanganyikiwa ipi ni ipi shika mshipa wa shingoni huku unasikiliza, ile inayokuja pamoja na mpigo wa shingo ni du. Afu mwambie mwenzio apande ngazi mbio mara kadhaa umsikilize tena, utagundua kinacholiwa zaidi ni ule ukimya mrefu, yaani moyo ukienda kasi unajinyima mapumziko, na sio mapumziko ya bure kwa sababu hapo ndo vyumba vinajaa damu na hapo hapo nyama ya moyo yenyewe ya upande wa kushoto inapata sehemu kubwa ya chakula chake.

Hii ya chakula mimi nailetea ushahidi darasani. Naenda bucha kule Kiborloni.

"Mangi, nipe moyo mzima wa ng'ombe, ila ule mshipa mkubwa wa juu usiukate."

"Mwalimu, unaenda kupika mabomba?"

Basi kila mtu bucha anacheka, na mimi nalipa. Moyo ukitoka machinjioni mara nyingi unakuja umeshachanwa ubavuni, mkaguzi wa nyama anakuwa ametafuta vifuko vya minyoo ya tegu, usikasirike, ule mpasuko unasaidia kuona ndani. Osha damu iliyoganda, shika aota wima juu ya beseni, mimina maji kwa kikombe taratibu. Utaona vifuko vitatu vidogo vinajaa, vinavimba, kingo zake zinakutana katikati, na maji yanasimama humo ndani ya aota na wakati chini yake kuna chumba kitupu. Wanafunzi wanagombania kuangalia. Ukingoja kidogo maji yanashuka polepole, na anayelalamika kwamba valvu inavuja mwambie aangalie juu kidogo ya vifuko, kuna matundu mawili, ingiza kijiti cha kibiriti kinapita. Ndo mwanzo wa mishipa ya koronari inayolisha moyo, iko palepale nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango ukishafungwa na nyama ikalegea damu inaingia kiulaini.

Na chini kwenye mitrali kuna kitu ambacho picha za vitabu hazikitendei haki. Nyuzi nyeupe, ngumu, zimetoka kwenye kingo za utando zikashuka mpaka kwenye vimisuli vilivyochomoza kwenye ukuta wa chumba. Vuta kwa kidole, haukatiki hivi hivi. Hizo nyuzi hazifungi valvu, kazi yake ni kuuzuia utando usipinduke kwenda juu presha inapopanda, uzi ukikatika kipande kinapinduka na damu inarudi. Leonardo da Vinci mwanzoni mwa miaka ya 1500 naye alianzia kwenye moyo wa ng'ombe, akatengeneza mfano wa aota kwa kioo, akapitisha maji yenye mbegu za majani ili aone yanavyozunguka, na akaona kwamba nyuma ya vile vifuko maji yanafanya vimbunga vidogo vinavyosaidia kuvifunga. Miaka 500 iliyopita, na bila umeme!

Kusikiliza hakuhitaji hela. Laennec, daktari wa Paris, mwaka 1816 alipata mgonjwa msichana, akaona aibu kumlazia sikio kifuani, akakunja karatasi zikawa bomba, akashangaa anasikia vizuri kuliko sikio tupu. Ndo stetoskopu ilipoanzia. Sisi tunakunja karatasi za mtihani wa moko za mwaka jana, wasichana kwa wasichana, wavulana kwa wavulana, na kwa dakika kumi darasa linakuwa kimya jinsi ambavyo sijawahi kulipata kwa fimbo. Wenye masikio makali (hapa bora stetoskopu ya kweli) wanaweza kusikia kwamba mtu akivuta pumzi ndani dap inapasuka inakuwa mbili, kwa sababu damu nyingi zaidi inarudi upande wa kulia na valvu ya mapafu inachelewa kidogo kufungwa nyuma ya ile ya aota. Kwa kijana ni kawaida kabisa.

Kisicho kawaida mara nyingi ni sauti kwenye ule ukimya. Mlango ukiwa mwembamba au ukiwa haufungi vizuri damu inapita kwa kujipenyeza, inachafuka, badala ya kimya kati ya du na dap, au kati ya dap na du inayofuata, unasikia shhh. Madaktari wana sehemu zao za kuweka stetoskopu, kwa mfano mitrali wanaisikiliza kati ya ubavu wa tano na wa sita kushoto, aota juu kulia karibu na mfupa wa kifua. Tusitishane lakini, watoto wengi wana shhh kidogo na moyo mzima kabisa, anayeweza kutofautisha ni daktari na kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, sio mimi na karatasi yangu.

Ila kuna jambo linanikera na nitalisema. Mtoto anaumwa koo, homa, anashindwa kumeza, na badala ya hospitali anapelekwa kwa mzee fulani akatwe kimio! Kukata kimio hakuui bakteria. Kuna bakteria wa koo wanaitwa streptokoka, mtoto asipotibiwa, hasa wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili tatu baadaye koo limeshapona kinga ya mwili inaweza kugeuka ikashambulia maungio ya mifupa na valvu za moyo, ndo homa ya rumatiki. Ikijirudia rudia utando unakuwa na makovu, unakakamaa, kingo zinashikana, na inayopenda kuumia kuliko zote ni mitrali. Dawa ya koo lenyewe ni penisilini, kitu cha zamani na cha bei ndogo. Aliyeshapata rumatiki anachomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mama zangu na dada zangu, koo la mtoto sio la limao na asali tu, mpelekeni akaangaliwe.

Zikishaharibika sana zinarekebishwa au zinabadilishwa, ukianzia KCMC, hospitali yetu kubwa hapa Moshi, unaweza kupewa rufaa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kuna valvu za chuma na kaboni, hizo zinadumu sana, na mwenye nayo anaweza kuisikia usiku tik tik tik, lakini damu inapenda kugandia hapo kwa hiyo anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu kila mara. Nyingine zinatengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe, na hapa darasa lazima lilipuke, "Mwalimu, kitimoto?!" na huu mji unavyopenda kitimoto mnaujua wenyewe. Ndio, kitimoto. Ya tishu kwa kawaida haimfungi mtu kwenye warfarini maisha yote, ila inachakaa, kwa kijana inachakaa haraka zaidi, na anaweza kurudi kupasuliwa tena. Kwa hiyo dada wa miaka 22 anayetaka kuzaa anakuwa na mtihani mgumu, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na wapo wanaochagua ya tishu huku wakijua kabisa watarudi mezani.